Rekodi ya mchezo wa muziki ikikuchosha: uipumzishe, ubadili waimbaji, uisikilize nzima, au uiimbe?

Bagamoyo ni mji wa jukwaa. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapa mwaka 1981, ndicho leo tunachokiita TaSUBa, na wanafunzi wake wanapopanga vyumba Magomeni na Dunda wanahamia na sabufa zao. Kwenye flashi zao utakuta nyimbo za michezo ya muziki, yaani hadithi zinazochezwa jukwaani kwa kuimbwa: utakuta Sarafina!, utakuta The Lion King, na siku hizi hata Hamilton ya Marekani na Les Misérables ya Ufaransa hazikosekani. Zinapigwa asubuhi watu wakifua, zinapigwa jioni watu wakifanya mazoezi, na mwisho hutokea lile analolijua kila mpenzi wa michezo ya muziki: wimbo uliokuwa ukikusimamisha vinyweleo, sasa ukianza tu, kidole kinakwenda kuuruka.

Ulinganisho huu ni wa mtu aliyefikia hapo na bado anaupenda mchezo wenyewe. Zipo njia nne ninazoziamini: kuipumzisha rekodi, kutafuta waimbaji wengine wa mchezo uleule, kusikiliza mchezo mzima kwa mpangilio wake, na kuuimba wewe mwenyewe. Hazilingani gharama wala nguvu, na kila moja inatibu uchovu wa aina yake. Ukikosea njia unaweza kuumaliza wimbo kabisa.

Kwa hiyo kwanza jipime. Je, umechoshwa na sauti, yaani unajua mwimbaji atavuta pumzi wapi na tarumbeta itaingia lini? Au wimbo umeng'olewa kwenye hadithi yake, umeusikia kwenye harusi, kwenye mahafali na kwenye matangazo hadi hukumbuki tena ni nani anayeimba na kwa nini? Au umeshachota kila ambacho msikilizaji anaweza kuchota, na kilichobaki ni kuingia ndani? Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba mtu huelekea kukipenda zaidi kitu kadiri anavyokutana nacho. Watafiti waliofuata waliona kwamba kwa muziki mapenzi hayo hupanda, hufika kilele, kisha hushuka, na kwamba muziki mwepesi hufika kilele upesi kuliko muziki wenye mambo mengi ndani yake. Ndiyo maana wimbo wa kiitikio kimoja hukuchosha haraka, na ule wa sauti nne zinazopishana huchelewa.

Kuipumzisha au kubadili waimbaji

Hizi ndizo njia mbili ambazo watu wengi huzifikiria kwanza, na mimi naona hazikaribiani hata kidogo.

Kuipumzisha ni bure. Hakuli bando, hakuhitaji umeme, hakuhitaji mtu mwingine. Unaifuta kwenye simu na kuiacha. Shida ni kwamba katika mji wetu huwezi kuamua peke yako. Utaiacha wewe, lakini jirani hajaiacha, bajaji iliyokupakia hadi stendi haijaiacha, na ukialikwa sherehe Jumamosi utakutana nayo ukumbini. Isitoshe, kupumzisha kunaponya sikio tu. Kama wimbo ulikuwa umepoteza hadithi yake, utarudi baada ya miezi ukiwa bila hadithi vilevile. Utaufurahia siku mbili tatu, kisha uchovu utarejea kwa kasi kuliko mwanzo, kwa sababu kumbukumbu ya rekodi ni kali sana. Rekodi haibadiliki, na kichwa kikishaikariri hukariri pamoja na mikwaruzo yake.

Hata hivyo kuna mahali ambapo kupumzisha hakuna mpinzani. Kama rekodi imeshikana na kipindi kibaya cha maisha yako, msiba au uhusiano uliovunjika, usiihangaishe kwa mbinu nyingine. Iache tu. Kipimo changu cha kujua kama mapumziko yametosha ni hiki: jaribu kuusikia wimbo kichwani bila kuupiga. Ukiweza kuusikia kwa sauti ileile ya mwimbaji yuleyule, na vyombo vyake vyote, bado. Ukianza kuusikia kwa sauti yako mwenyewe, au ubeti mmoja ukakupotea, wakati umefika.

Kubadili waimbaji ndiyo njia ninayoipendekeza kwa mtu wa kawaida, na sababu ni kwamba mara nyingi hatukuchoka na wimbo. Tumechoka na siku moja ya studio, watu fulani walipoimba kwa namna fulani. Mchezo wa muziki ni tofauti na wimbo wa bendi kwa jambo hili hasa: umeandikwa ili uimbwe na watu wengine kesho. Ndiyo asili yake.

Chukua Sarafina!, ambao Watanzania wengi waliujua kupitia mkanda wa video. Tuliouona wengi ni filamu ya mwaka 1992, Leleti Khumalo akiwa Sarafina, Whoopi Goldberg akiwa mwalimu na Miriam Makeba akiwa mama yake Sarafina. Lakini filamu ilikuja baada ya mchezo. Mbongeni Ngema aliuweka jukwaani Johannesburg mwaka 1987, muziki wake na wa Hugh Masekela, na kuanzia Januari 1988 hadi Julai 1989 ulichezwa Broadway, mtaa wa kumbi za maigizo wa New York. Rekodi ya waigizaji wale wa jukwaani ipo. Ukiiweka mara ya kwanza baada ya miaka ya kuzoea ile ya filamu, utashtuka kwa ukaribu wake: mbaqanga, muziki wa mitaani wa Afrika Kusini, imechezwa kavu, na sauti za vijana ziko mbele.

Zaidi ya sauti kuna tarehe. Vijana wale walipokuwa wakiimba kwamba uhuru unakuja kesho, Nelson Mandela alikuwa bado gerezani. Hakutoka hadi Februari 1990. Filamu ilipotoka, alikuwa nje. Maneno ni yaleyale, lakini rekodi ya kwanza inaimba juu ya jambo ambalo hakuna aliyekuwa na hakika nalo, na ya pili inaimba juu ya jambo ambalo dunia ilikuwa imeanza kuliona. Kwa sisi wa hapa linagusa zaidi, maana vijana waliokimbia baada ya maandamano ya Soweto ya mwaka 1976, yale yanayosimuliwa katika mchezo huo, baadhi yao walisoma Mazimbu, Morogoro, katika shule ya ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, iliyopewa jina la Solomon Mahlangu. Mimi nikiijua tarehe ya rekodi namna hiyo siwezi tena kuisikiliza nikiwa nafanya jambo jingine.

Mfano wa pili ni Les Misérables, na huu ndio ninaopenda kuwapa watu wanaodai wameshamaliza kila kitu. Wengi wanajua rekodi ya London ya mwaka 1985. Kabla yake, mwaka 1980, watunzi wake, Claude-Michel Schönberg na Alain Boublil, walitoa albamu ya Kifaransa ya mchezo huo. Ndani yake utakuta sauti unayoijua kama wimbo wa Éponine anayempenda mtu asiyempenda, ule wa On My Own, lakini anayeuimba ni Fantine, mwanamke mwingine wa hadithi hiyo, akilia juu ya ufukara. Walipoupeleka mchezo London wakaihamishia kwa msichana mwingine na kwa huzuni nyingine. Sikio lililozoea linajikuta halina pa kusimama: linajua nota inayofuata, halijui ni nani anayeumia. Na kwa sababu wengi wetu hatujui Kifaransa, maneno hayakutangulii, unabaki na sauti peke yake kama siku ya kwanza. Baada ya hapo rudi kwenye ile ya 1985 uone.

Hapo kuna onyo. Rekodi ya kwanza uliyoipenda hugeuka kipimo, na kila inayokuja baadaye utaiona imekosea. Huyu anachelewa, yule hana nguvu. Dawa ni kuchagua rekodi iliyo mbali na ile yako, si inayofanana nayo. Lugha nyingine, enzi nyingine, au namna nyingine ya kurekodi. Filamu ya Les Misérables ya mwaka 2012, kwa mfano, waigizaji waliimba papo hapo mbele ya kamera, wakisikia piano sikioni, badala ya kufuatisha sauti zilizorekodiwa studio mapema. Sauti zinakatika, wengine wananong'ona. Kama burudani ya kila siku siichagui. Kama dawa ya sikio lililochoka inafanya kazi, kwa sababu pumzi zote zimehama.

Mtu anayependa sauti za zamani za Afrika Kusini atafute King Kong, mchezo wa jazi juu ya bondia Ezekiel Dlamini. Upo kwa waimbaji wa Johannesburg wa mwaka 1959, Makeba akiwemo, na upo kwa waimbaji wa London wa mwaka 1961, ambako nafasi yake ilishikwa na Peggy Phango. Wanawake wawili, wimbo mmoja, na hakuna anayemwiga mwenzake.

Kusikiliza mchezo mzima

Njia hii inashindana na ya kubadili waimbaji, na inaishinda kwa mtu mmoja tu: yule ambaye wimbo wake umepoteza hadithi yake.

Wengi tumezijua nyimbo hizi vipande vipande, tena kutoka kwenye albamu ambazo zenyewe ni vipande. Santuri ndefu ilibeba kama dakika ishirini na kitu kila upande, wakati mchezo jukwaani unaweza kufika saa mbili na nusu. Waliorekodi walilazimika kukata: muziki wa dansi, mazungumzo, beti za kati. Kwa hiyo ukisema umeuchoka mchezo fulani wa miaka ya 1950, huenda umechoka na theluthi yake. Michezo mingine baadaye ilirekodiwa yote, nota kwa nota. Les Misérables ina rekodi ya diski tatu ya mwishoni mwa miaka ya 1980. Hamilton nayo, kwa kuwa karibu maneno yote yanaimbwa au yanaghaniwa, iko karibu nzima kwenye albamu ya mwaka 2015.

Sasa tazama Hakuna Matata, wimbo wa The Lion King. Pwani yetu hii wimbo huo umepigwa hotelini mpaka umekuwa salamu ya watalii, na sidhani kama kuna wimbo wa mchezo uliochakazwa zaidi yake. Lakini urudishe mahali pake. Mtoto Simba amemwona baba yake akifa, ameaminishwa kwamba yeye ndiye aliyemuua, amekimbia nyumbani na kuanguka jangwani. Hapo ndipo wageni wawili wanamwokota na kumwimbia asijali. Na anakua humohumo ndani ya wimbo: anaanza mtoto, anamaliza akiwa na sauti ya mtu mzima, miaka imepita na hajarudi kuwaangalia watu wake. Ukiusikiliza baada ya nyimbo zilizoutangulia, bila kuruka, furaha yake inatisha kidogo. Mtoto anafundishwa kusahau. Niliishi na wimbo huu utotoni mwote bila kuusikia hivyo.

Gharama yake ni muda na utulivu. Saa mbili na nusu za sauti ya kawaida mtandaoni ni kama MB 150, si bando kubwa, lakini utulivu ndio mgumu kupata. Nashauri spika za masikioni, usiku, simu imezimwa data baada ya kupakua, na maneno ya nyimbo mbele yako. Maneno ni lazima kwa Hamilton, maana kasi ile ya Kiingereza hata wanaokijua inawapita. Ni lazima pia kwa Sarafina!, ambako Kizulu kinaingia na kutoka. Usifanye njia hii ukiwa unapika. Ukiifanya nusu nusu utakuwa umeongeza idadi ya mara ulizousikia wimbo, basi.

Kutazama ni ndugu wa njia hii na sitakaa nako sana. Video inakula bando mara kadhaa zaidi, lakini inakupa miili ya watu. Video ya Hamilton iliyopigwa jukwaani mwaka 2016 na kutolewa 2020 ina tukio moja fupi ambalo halimo kwenye albamu, pale habari za kifo cha John Laurens, rafiki wa Hamilton, zinapofika. Aliyekariri albamu yote hukutana hapo na kitu ambacho hakuwahi kukisikia. Na ukiwa Bagamoyo usisubiri video: nenda TaSUBa kunapokuwa na onyesho, au wakati wa tamasha la kila mwaka, hata kama mchezo si ule ulionao kwenye simu. Ukishaona mwimbaji akitokwa jasho, akicheza ngoma na kuimba kwa pumzi hiyohiyo, unaporudi kwenye rekodi yako unasikia kazi waliyoifanya.

Kuimba mwenyewe

Hii ndiyo njia yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo inayoua nyimbo nyingi kuliko zote. Inategemea unaifanyaje.

Kikundi chetu cha maigizo kilipoamua kujifunza nyimbo za Sarafina!, rekodi iliwekwa kwenye sabufa na sote tukawa tunaimba juu yake. Kila mtu aliimba sauti ya mbele. Haikuchukua muda wimbo ukawa adhabu, watu wakaanza kuchelewa mazoezini. Aliyetuokoa ni mzee mmoja anayefundisha kwaya. Alizima sabufa, akatugawa kama anavyowagawa wanakwaya wake, sauti ya kwanza, ya pili, teno na besi, na kila kundi likajifunza sauti yake peke yake, kipande kwa kipande, bila rekodi. Akashusha na ufunguo wa wimbo, tuimbe chini kidogo, kwa sababu ufunguo wa rekodi ulipangwa kwa koo za wale walioimba, na za kwetu zilikuwa zinakwaruza juu.

Baadaye tulipoiwasha tena rekodi, kila mtu alisikia kitu tofauti. Mimi nilikuwa nimepewa besi, na kwa mara ya kwanza nilisikia kwamba besi ndiyo inayousukuma wimbo, na sauti ya mbele imekaa juu yake tu. Naamini hii ndiyo faida kubwa ambayo njia nyingine haziwezi kukupa: kuondolewa kwenye sauti ya mbele, ambayo ndiyo iliyokuchosha, na kupewa chumba kingine ndani ya nyumba ileile.

Ukilinganisha na kubadili waimbaji, kuimba kunahitaji watu, mahali na mtu anayejua kugawa sauti. Faida yake haiishi upesi. Kubadili waimbaji kunaweza kukupa raha usiku huohuo, lakini rekodi mpya nayo siku moja itazoeleka. Sauti uliyoiimba wewe na wenzako hutaizoea namna hiyo, kwa kuwa kila siku ina kasoro mpya. Mashabiki wa taarabu wanalijua hili bila kuambiwa: wimbo uleule ukumbini hauchoshi, maana mtu akipanda kutunza, mwimbaji anaurudia ubeti, anaunogesha, anamlenga mtu. Kaseti yake nyumbani inachosha.

Kama huna kikundi, usijilazimishe kuimba peke yako juu ya rekodi. Hapo bora urudi kwenye waimbaji wengine. Kama unacho kikundi lakini mmechoka kabisa, pumzisheni kwanza wiki chache, kisha mwanze na sauti za kati, sauti ya mbele iingie mwisho.

Kwa mzazi mwenye mtoto anayerudia The Lion King kutwa nzima, ambaye hana nafasi ya kupumzisha wala ya kukaa saa mbili kimya, badilisha waimbaji bila kumnyang'anya mchezo wake. Mwekee rekodi ya jukwaani ya Broadway ya mwaka 1997 badala ya ile ya filamu ya 1994. Nyimbo anazozijua zimo, kwa hiyo hatalalamika, lakini Rafiki, yule nyani mganga, sasa ni mwanamke, kuna He Lives in You ambayo kwenye filamu haimo, na sehemu ya pili inafunguliwa na One by One, kwaya nzima ikiimba Kizulu. Mwanzie hapo, kwenye One by One, na muimbe pamoja kiitikio.